Karata Tupu za Pulchérie

Ukimuuliza mtu wa Lweba, kijiji chetu karibu na mji wa Baraka, kuhusu Pulchérie, atakuambia anakausha ndagala, vile visamaki vya ziwani, na ana kelele. Ni kweli tupu. Akicheka kwake, mimi jirani yake naacha sufuria motoni nikatazame kuna nini. Lakini mimi Nadège nataka kueleza siku aliyosema neno moja tu, maana watu wanaieleza vibaya na inaniudhi.

Tulikuwa wanne tuliojua kucheza bridge katika Baraka nzima: Pulchérie, mume wake Darius, Roger anayepiga kengele ya parokia, na mimi. Padre mmoja mzungu ndiye aliyetufundisha. Si kwa upendo, jamani! Mchezo ule wa karata unataka watu wanne na yeye alikuwa peke yake, basi akafundisha wanne ili asikose watatu.

Wawili wanacheza dhidi ya wawili, na mwenzako anakaa mbele yako. Kabla ya kucheza kila mtu anaahidi. Huyu anasema "moja ya keri", yaani zile karata za moyo mwekundu. Mwingine anapanda juu yake, anaahidi kushinda mizunguko mingi zaidi. Asiye na kitu mkononi anasema "pasi" na kunyamaza. Ukiahidi ukashindwa, aibu ni yako.

Hapo ndipo tulipomtesa padre. Kwetu mkubwa akiita, unaitika. Hata kama uko chooni, unaitika. Sasa mtu mzima anakutazama usoni, anasema "moja ya keri", halafu wewe unamwachia hewani? Ni malezi gani hayo? Tulikuwa tunajibu hata na karata za takataka, na padre anashika kichwa: "Munyamaze, kwa jina la Mungu!" Hatukunyamaza.

Vita vya pili vya Kongo vilipofika, padre akaondoka. Mwaka wa tisini na tisa waasi walikuwa wameshika Baraka, na kamanda wao alikuwa analala katika nyumba ya mapadre. Humo kabatini akakuta zile karata. Kumbe naye alijifunza bridge shuleni, Bukavu! Akatuma askari kutafuta wanaojua. Nani angesema hajui, na bunduki iko mlangoni?

Akamchukua Darius awe mwenzake, mimi na Roger tukawa wapinzani. Kamanda akaita moja ya keri. Darius hakuwa na kitu. Lakini mkubwa ameita, basi akajibu "moja ya piki", zile za jembe jeusi. Kamanda akaelewa kwamba mwenzake ana nguvu, akapanda, akapanda, mpaka nne ya keri, yaani mizunguko kumi kati ya kumi na tatu. Na desturi ya bridge ni hii: aliyeshinda mnada huo wa ahadi anacheza, na mwenzake analaza karata zake zote wazi mezani. Darius akazilaza. Wee! Umaskini mtupu. Askari waliokuwa wanatazama wakaangua kicheko.

"Umenidanganya mbele ya bantu yangu," kamanda akasema. "Mutu anadanganya kwa karte, atadanganya pia juu ya bale ba mu pori." Alimaanisha wapiganaji waliojificha porini, maadui zake.

Wakamfunga Darius kwa kosa hilo. Siku ya Jumatatu gari lilikuwa linapeleka wafungwa Uvira, na waliopanda gari lile zamani hatukuwaona tena. Kila mtu alilijua jambo hilo.

Jumapili, baada ya misa, Pulchérie akabeba bugali na samaki za Darius katika beseni, kitambaa juu, akaenda kwa kamanda. Nilimfuata nikimsihi apunguze sauti.

"Chef," akasema, "bwana yangu hakukudanganya. Alikuitika tu. Kwetu mukubwa akiita, mutu anaitika."

"Na kama hana kitu mukononi?"

"Anaitika tu, chef."

Kamanda akalipokea beseni, akaliweka mezani kando ya karata. "We unajua kucheza?"

"Najua."

"Kaa pa kiti ya bwana yako. Mwite Roger. Na huyu mwingine akae. Kama nawe unanidanganya, kesho mutapanda gari pamoja."

Huyu mwingine! Nina jina, lakini haikuwa siku ya kulidai.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri, maana Pulchérie alipata karata za kusema kitu, akasema, na kamanda akashinda. Nikaanza kupumua. Kisha kamanda mwenyewe akagawa. Nilimwona Pulchérie akifungua karata zake na uso ukamfifia, nikajua mara moja. Ee Mungu, siyo leo!

"Moja ya keri," kamanda akaita.

Roger, jasho linamtiririka, akasema pasi. Sasa ilikuwa zamu ya Pulchérie. Askari walisogea. Kamanda alikuwa anamtazama kama mtu aliyebisha hodi na anasubiri mlango. Mimi mwenyewe, ambaye padre alinigombeza mpaka akachoka, moyoni nilikuwa nasema: mujibu, mama, mujibu mukubwa!

"Pasi," Pulchérie akasema.

Alisema polepole sana. Askari mmoja akaguna. Kamanda akageuza macho kwangu. Nilikuwa na karata za kusema jambo, lakini ningefungua mdomo, naye angepata nafasi ya kupanda tena. Nikasema pasi haraka, karibu nijiume ulimi.

Pulchérie akalaza karata zake mezani. Dame moja ya trefu, yaani malkia wa zile za ua jeusi, basi. Nyingine zote zilikuwa vidogo vidogo vya aibu. Kamanda alizitazama, akazitazama, halafu akaanza kucheza. Kwa ahadi ya moja alihitaji mizunguko saba tu. Wa saba aliupata kwa karata yake ya mwisho, na akaipiga mezani mpaka beseni likaruka.

"Mama huyu hana kitu, na amesema hana kitu," akawaambia askari. "Mumutoshe bwana yake. Mufanye mbio, mbele nibadilishe roho."

Wakamtoa. Amekonda, ana viatu mkononi, lakini mzima! Nilipiga vigelegele moyoni tu, kwa kuogopa. Nikabeba beseni kichwani, tukatembea mpaka tukapita nyumba za mwisho za Baraka, kwenye njia ya Lweba.

Hapo Darius akasimama. "Pulchérie, haukuogopa kumunyamazia?"

"Naliogopa sana. Nikaona, nikijibu atapanda juu, tutashindwa, na utaenda na gari. Nikinyamaza atakasirika, na utaenda na gari. Njia zote mbili nilikuona mu gari, Darius. Sasa nikasema ile ya kweli, ili angalau nisikupoteze na bongo, na uongo wangu mwenyewe."

Kisha akaketi katikati ya barabara, akalia kwa ile sauti yake ambayo Lweba yote inaijua. Darius akaketi kando yake, akamshika. Mimi ambaye sikulia hata kwenye mazishi ya mama yangu, nililia kuwashinda wote wawili, kwa raha, na sikuona haya.

Bugali ya ndani ya beseni ilikuwa imepoa. Tuliila palepale.