Chupa za USITUPE

Wifi yangu hatupi kitu. Nyumbani anatunza hata vifuniko vya kalamu zilizokwisha wino. Maabarani, ambako yeye ni fundi wa kutenganisha protini na mimi ni muosha vyombo, amejaza friji chupa zilizoandikwa USITUPE. Kaka yangu alimuoa akijua, asinililie.

Kazi yake naijua kwa kuichungulia. Kuna mrija wa kioo uliojaa chembe ndogo zenye chaji hasi. Protini zenye chaji chanya hunasa humo, nyingine hupita zikaenda zake. Kisha anapitisha maji ya chumvi, akiongeza ukali kidogo kidogo. Zilizoshika kilegelege hutoka kwanza, ving'ang'anizi mwisho. Mrija wa pili hauna habari na chaji, unapanga kwa ukubwa tu, na protini kubwa ndizo hutangulia kutoka, maana ndogo zinazurura kwenye vitundu vya chembe.

"Kama wewe saa za kazi," aliniambia.

Yale maji yanayopita mwanzoni bila kunasa, wenzake humwaga. Yeye anayatia kwenye chupa na kuiandika.

Ijumaa asubuhi Daktari, mkuu wetu, aliniagiza nisafishe friji kwa sababu Jumatatu kuna wageni. "Takataka zote za wifi yako, mwaga!" Nikamwaga kwa raha zangu. Nilipomaliza chupa ya kumi na moja nikaona wacha ninywe chai kwanza.

Kikombe kikiwa mkononi, nikasikia Daktari akifoka. Wifi alikuwa amepima kila kilichotoka na chumvi jana, na protini hakuna. Kazi ya miezi minne.

"Mkataba wako unaisha mwezi huu," Daktari akamwambia. "Kama imepotea, mimi sisaini."

Nikakiweka kikombe chini. Kaka ana mguu mbovu, na mshahara wa wifi ndio unaotuweka mjini sote.

"Daktari, maji ya kupakia protini kwenye mrija ulitengeneza mwenyewe?" wifi akauliza.

"Niliyaboresha. Nilipunguza asidi kidogo tu."

Wifi akafumba macho. Kila protini ina kiwango chake cha asidi ambapo chanya na hasi zake zinafutana, na bingwa wetu alikuwa ameipeleka yetu kwenye kiwango hicho hicho.

"Ilipopakiwa haikuwa na chaji, Daktari. Chembe zingeishikaje? Imepita moja kwa moja."

"Basi ndiyo imekwenda!"

"Haijaenda popote. Iko kwenye friji."

Nilikimbia mbele yao. Kwenye kichanja, chupa kumi na moja zilikuwa zimepinduliwa, safi, zinang'aa. Kwenye friji, nyuma kabisa, imebaki moja. Wifi, bila kutazama kichanja, aliipokea mikononi mwangu, akasoma tarehe. Ya jana.

Akaongeza asidi tone kwa tone, akaipitisha upya. Safari hii ilinasa, na chumvi ikaitoa yote. Daktari alisaini bila kumtazama usoni, shujaa yule.

Jumatatu, mbele ya wageni, wifi akanishika bega. "Huyu ndiye mtunzaji wa friji langu. Bila yeye nisingekuwa hapa leo."

Nilitaka kusema kwamba kilichoiokoa ni chai. Wallahi nilifungua mdomo. Lakini watu walishaanza kupiga makofi, nami nikapiga pamoja nao, mikono bado inanuka sabuni.