Kufungua Kiwanda

Kila Jumamosi, iwe mvua au jua, Bartholomayo alikwenda kupaka grisi mashine zisizofanya kazi. Alikuwa na kopo la grisi aliyoombaomba kwa madereva wa malori, matambara yaliyochanwa kutoka kwenye khanga kuukuu za mkewe, na ufunguo wa mlango wa nyuma ambao hakuna aliyekumbuka kumnyang'anya siku kiwanda cha korosho kilipofungwa. Ilikuwa miaka minane sasa. Mlinzi alishahamishwa, karani alishakufa, nyasi zilifika madirishani, na bado fundi huyo wa mitambo aliingia, akazungusha kila gurudumu kwa mkono lisije likaganda, akafunga mlango, akarudi nyumbani ananuka mafuta.

Watu wa Newala walimcheka. Mkewe hakumcheka. Winfrida alikuwa mbanguaji katika kiwanda hicho hicho, meza ya tatu kutoka dirishani. Mashine zilikuwa na tabia ya kuacha korosho zimebanguliwa nusu nusu, ganda bado limeshika, na hizo walizimaliza wanawake kwa mikono, vidole vimepakwa majivu ili mafuta ya ganda yasiviunguze. Yaliviunguza vilevile. Hata alipotia dole kwenye daftari la wajumbe wa chama, karani wa chama alilikandamiza mara tatu kwenye wino kisha akamwuliza, "Mama, mbona dole lako halina mistari?"

"Mistari niliiacha kazini," Winfrida alimjibu.

Ndivyo alivyokuwa mama huyu, mwenye ulimi. Na kwa ulimi huo watu wa mtaa wake walimfanya balozi wao wa nyumba kumi, maana balozi asiyejua kusema ni sawa na mlango usio na bawaba. Alikuwa na hamu moja tu, wala hakuificha: kusikia tena king'ora cha saa moja asubuhi. Si kwamba alipenda kelele. Tangu kiwanda kifungwe alikuwa akiishi kwa muhogo, kwa mikorosho kumi na saba ya upande wa mama yake, na kwa maji aliyoyapandisha kutoka bondeni akawauzia wenye nyumba za bati. Bartholomayo alikuwa anaukaribia umri wa miaka sitini. Winfrida aliiona mikono ya mumewe inavyoanza kutetemeka akishika kikombe, akajua kuwa kiwanda kisipofanya kazi ndani ya miaka miwili mitatu, hatakuwapo mtu wa kuziwasha mashine zile, na Jumamosi zote zile zitakuwa kazi bure. Hilo lilimuuma kuliko njaa.

Mwaka 2000 ulipoingia, soko lilikuwa huria, redio ilikuwa ikituambia hivyo kila siku, na kiwanda kilikuwa tayari na mwenyewe. Watu walimwita Kampuni, kama vile ni jina la mtu. Kampuni ilinunua korosho ghafi ikazipeleka ng'ambo zikabanguliwe huko. Tajiri mwenyewe hatukumwona. Tulimwona meneja wake, Awadhi, mtu mpole mwenye shikamoo nyingi, na tulimwona Bwana Anderson, mzaliwa wa Kitangari aliyeishi Dar es Salaam mpaka akasahau njia ya kwao, aliyerudi mwaka huo kugombea ubunge kwa gari kubwa. Nembo ya Kampuni ilikuwa imebanduliwa mlangoni mwa gari hilo, lakini rangi iliyokuwa chini yake haikupauka kama ya pembeni, kwa hiyo nembo ilisomeka vizuri tu.

Mgombea wa chama alichaguliwa na wajumbe wa jimbo, na katika jimbo lile aliyepita kwenye chama alikuwa amekwisha kuwa mbunge. Kura ya Oktoba ilikuwa ya kutia muhuri. Winfrida alikuwa mjumbe. Basi mwezi wa saba, mikorosho ikiwa inatoa maua na ugonjwa wa ubwiri unga unaanza kuyatia weupe, Awadhi alifika nyumbani kwake na mfuko mzima wa salfa, ile dawa ya unga ambayo mwaka huo mkulima mdogo aliiona kwa macho tu.

"Shikamoo, Mama Gift."

"Marahaba, baba. Na hii ya nini?"

"Usiogope, mama. Hii si rushwa, hii ni takrima. Mgeni haendi kwa watu mikono mitupu."

Winfrida alicheka. Alijua rushwa ni nini hata ikivaa kanzu. Lakini alikuwa na mikorosho kumi na saba, na maua hayasubiri mtu amalize kufikiri. Aliipokea. Kesho yake Bartholomayo aliinyunyiza alfajiri upepo ukiwa umelala, wala hakuuliza imetoka wapi.

Siku ya mkutano wajumbe walilazwa gesti, wakalishwa wali na nyama, wakavishwa khanga mpya. Mshindani wa Bwana Anderson alikuwa Mwalimu Filemoni wa Mnyambe, mstaafu, mwenye suti moja na baiskeli, aliyefika na vumbi mpaka kwenye nyusi. Nusu ya ukumbi ule ndiye aliyeifundisha kusoma.

Bwana Anderson alisimama kwanza. Hakusema mengi, maana salfa ilikuwa imekwisha kumsemea. "Nichagueni mimi," alisema, "na kiwanda chenu kitafunguliwa kabla ya Pasaka!" Vigelegele vilipanda mpaka darini, na cha Winfrida kilikuwa juu ya vyote.

Mwalimu Filemoni alisubiri kimya kirudi.

"Ndugu wajumbe, mimi sina salfa wala khanga. Nina ombi moja. Mwenzangu amesema kiwanda kitafunguliwa. Kufungua ni neno pana. Mlango hufunguliwa. Mzigo hufunguliwa. Hata mbuzi wa watu hufunguliwa kamba akaenda zake. Mwambieni aseme kitabangua. Aseme korosho zitabanguliwa hapa Newala, na watakaobangua ni ninyi. Neno moja tu hilo, nami nitampa mkono niende nyumbani."

Bwana Anderson alimtazama Awadhi, Awadhi akatazama viatu vyake. Winfrida aliyaona hayo yote, na neno la mwalimu lilimgusa mahali panapouma. Lakini hofu ilimjia mbio zaidi kuliko akili. Je, tajiri akikasirika? Akikunja khanga zake akaondoka na pesa zake, nani mwingine atakuja kukitazama kile kiwanda? Mtu anayezama hamwulizi mwenye mtumbwi jina la babu yake. Akasimama.

"Mwalimu," alisema, "umestaafu lakini kalamu nyekundu hujaiweka chini! Hapa hatuandiki insha. Hapa tunatafuta kazi!"

Ukumbi mzima ulipasuka kwa kicheko. Bwana Anderson alicheka mpaka akatoa kitambaa. Hata Mwalimu Filemoni alitabasamu, akafunga jalada lake, akaketi. Kura zake zilikuwa chache hata msomaji wa matokeo alizitaja kwa sauti ya chini.

Nyumbani Bartholomayo aliuliza swali moja. "Kasema watabangua?"

"Kasema kitafunguliwa."

"Basi sawa," alisema, na uso ukamng'aa. Kwa fundi neno hilo halikuwa na matata yoyote. Mashine iliyolala hufunguliwa kwanza, ikasafishwa, ikafungwa tena, ndipo ikawashwa. Angeanza na nini kingine?

Oktoba ikapita, Bwana Anderson akawa Mheshimiwa. Winfrida alizunguka nyumba zake kumi akiwaambia wanawake wasikubali vibarua vya mbali. Esha, Mama Haji, aliyekuwa akikaa naye meza moja kiwandani, alikuwa amekwisha kufunga mizigo kwenda kwa kaka yake Lindi, ambako alitafutiwa kazi ya kupika shuleni. "Utakwenda kupikia watoto wa watu maharage, king'ora kikilia meza yako akae nani?" Winfrida alimwambia. Esha akafungua mizigo yake. Aliitoa aproni yake ya zamani, akaifua, akashona kifungo kilichokatika.

Mwezi wa pili wa mwaka uliofuata Awadhi alikuja tena. "Shikamoo, mzee. Tunahitaji fundi wa kufungua mashine. Tumeambiwa hakuna anayezijua kama wewe."

Siku hiyo Winfrida alilia kwa furaha mbele ya watu. Alichinja kuku aliyekuwa anaatamia. Bartholomayo alipanga spana zake kwa ukubwa, akazifunga kwenye tambara, akatoka kabla jua halijachomoza kama kijana anayekwenda kuposa.

Alifungua mashine kwa siku kumi na moja. Kila nati aliiosha kwa mafuta ya taa. Kila kipande alikiandika namba kwa chaki, akakilaza kwenye turubai kwa mpangilio wake, ili siku ya kuvirudisha hata mtu mgeni aweze. Mikono yake iliacha kutetemeka. Jioni alimweleza mkewe habari za mashine moja moja, ipi ina kutu na ipi bado nzima, na Winfrida alisikiliza kama anasimuliwa habari za watoto waliokuwa safarini.

Siku ya kumi na mbili Winfrida alimpelekea chakula. Getini lilisimama lori refu, na wapagazi walikuwa wakirusha vyuma ndani yake, vya namba moja juu ya vya namba arobaini, turubai limeburuzwa pembeni. Bartholomayo alisimama katikati ya sakafu tupu ameshika chaki.

"Mnavipeleka wapi?" Winfrida alimwuliza Awadhi.

"Vimeuzwa, mama. Chuma chakavu. Hapa patakuwa ghala." Alisema kwa upole ule ule wa siku zote. "Korosho zikibanguliwa kule ng'ambo ni rahisi zaidi. Na mzee tumemfikiria, atakuwa mlinzi wetu."

"Mheshimiwa alituahidi kufungua."

"Na tumefungua, mama. Si mzee mwenyewe kafungua?"

Winfrida alimtafuta mtu wa kumtukana asimwone. Alichokiona ni ukumbi ule, na mwalimu akifunga jalada lake. Alimshika mumewe mkono, wakarudi nyumbani na sufuria ya chakula haijafunuliwa. Njiani Bartholomayo alisema kitu kimoja: "Mimi mwenyewe, Mama Gift. Kwa spana zangu."

Wanawake walikuwa wameliona lori. Walikuja jioni hiyo hiyo, Esha mbele, wakasimama uani. "Mama Gift, mashine zinakwenda wapi?"

Hapo ndipo ulimi wa Winfrida ulipotenda dhambi yake kubwa. Aliwatazama mmoja mmoja; alijua nani hana chumvi ndani na nani alikataa kibarua kwa ajili yake. Aliogopa. "Zimekwenda kutengenezwa," alisema. "Zitarudi."

Walimshukuru! Hilo ndilo lililomnyima usingizi. Alidhoofika mpaka pete ikawa inamvuka kidoleni akifua. Mara mbili alianza safari ya Mnyambe kwenda kumwangukia Mwalimu Filemoni, mara mbili akarudia njiani, maana angemwambia nini? Na Bartholomayo alikubali ulinzi, kwa sababu nyumba ilikuwa na watu wanaokula. Jumamosi alikuwa analinda magunia.

Wiki moja kabla ya Pasaka Mheshimiwa alikuja kufungua ghala. Wajumbe waliagizwa wavae khanga zao wapange mstari getini, Winfrida akiwamo. Awadhi aliona shughuli imepooza. Pale ukutani kilikuwa kimebaki kile king'ora cha kuzungusha kwa mkono, ambacho wenye lori hawakukitaka.

"Mzee, hebu kizungushe kidogo, tumchangamshe Mheshimiwa."

Bartholomayo alimtazama mkewe. Kisha akashika mpini. Alikuwa amekipaka grisi kwa miaka minane. Kililia kwa mzunguko wa kwanza tu, sauti ile ile, ikapita juu ya paa za nyasi na za bati mpaka ukingoni mwa bonde.

Winfrida aliwaona kabla watu wengine hawajawaona. Walikuwa wanakuja mbio kutoka mtaani, wengine wamevaa kiatu kimoja, wengine wanafunga vilemba njiani, mmoja ameliacha dumu lake la maji linamwagika barabarani. Mbele yao alikuwa Esha, na aproni yake ilikuwa nyeupe pe.

"Tuliahidi kufungua," Mheshimiwa alikuwa akisema kwenye kipaza sauti, "na leo tunafungua!" Akakata utepe. Milango ikavutwa, na ndani magunia yalipangwa kutoka ukuta hadi ukuta, mpaka darini.

Esha alisimama. Alitazama mahali palipokuwa na meza ya tatu kutoka dirishani. Kisha akamjia Winfrida pale mstarini.

"Ulisema zimekwenda kutengenezwa."

"Nilisema."

"Ulijua?"

Winfrida, mwenye ulimi, aliitikia kwa kichwa tu kwamba ndiyo, alijua.

Esha alivua aproni. Aliikunja mara mbili, taratibu, kama nguo ya marehemu, akamwekea mikononi juu ya khanga mpya.

"Nitunzie, Balozi," alisema. Hakumwita Mama Gift. "Zikirudi utanipa."