Namba ya Mwalimu Amiri

Sifa kubwa ya Mwalimu Amiri Mchopa, katika shule moja ya sekondari pembezoni mwa Likombe, ilikuwa kwamba hashiki bureti. Walimu wengine wa kemia wakiingia maabara huusimamisha ule mrija mrefu wa kioo, wakaifungua koki yake ya chini, asidi ikadondoka tone kwa tone, nao wanafunzi wakabaki kukodoa macho na kunakili. Amiri hapana. Yeye aliweka mikono mgongoni. “Fungua wewe. Haya, rangi imekuwaje? Mwenzako naye anasemaje?” Mpaka darasa zima likubaliane.

Wakaguzi walipokuja walifurahi kupita kiasi. Wakaandika kwamba huyu ndiye mwalimu wa kisasa, anamwachia mwanafunzi atende mwenyewe. Wakampa cheti, na mkuu wa shule, Mwalimu Gladness, akakitundika ofisini kwake. Watu wazima na akili zao, na hakuna hata mmoja aliyejiuliza kwa nini mtu anayeipenda kemia kiasi kile haigusi.

Amiri hakuwa akiona nyekundu. Utotoni, katika shamba la mikorosho karibu na Madimba, ndugu zake waliyaona mabibo mekundu majanini kutoka mbali wakayakimbilia, yeye akayapita bila habari. Mama yake akamwita mvivu, na jina likamganda. Ukweli aliujua mwenyewe akiwa chuoni, alipokwisha kupangiwa somo la kemia. Akaogopa kurudishwa nyumbani, akanyamaza. Mwaka wa kwanza wa kunyamaza ulikuwa mgumu. Kufikia wa saba, uongo ulikwisha kuota mizizi.

Aliyemstiri alikuwa Mama Rozalia, mtunza maabara. Kila Amiri alipotakiwa kufanya jaribio peke yake, mama huyo alipita na tambara lake la kufutia meza, rangi ilipogeuka akanong’ona, “Tayari,” akaenda zake. Hakuuliza hata siku moja. Mwezi wa sita akastaafu, na Amiri akabaki na macho yake.

Mwezi wa nane ukaja mtihani wa pamoja wa shule sita. Wanafunzi watano bora wangelipiwa masomo ya kidato cha tano na cha sita. Katika shule ya Amiri matumaini yote yalikuwa kwa Marlene, binti wa wakulima waliovuka Ruvuma kutoka Msumbiji, anayeshika pipeti, ule mrija wa kupimia maji, kama aliyezaliwa nayo. Sharti la mtihani wa vitendo lilikuwa moja: mwalimu wa somo afanye jaribio lile lile peke yake, namba yake itiwe kwenye bahasha, na majibu ya wanafunzi yasahihishwe kwa namba hiyo. Mwalimu akikosea, darasa zima limekosea.

Asubuhi ya mtihani wakamfungia stoo. Msimamizi, Mwalimu Yusufu kutoka shule nyingine, aliweka kiti mlangoni kabisa. Dirisha lilikuwa na nondo. Mbele ya Amiri palikuwa na bureti ya asidi, chupa ya maji ya chumvi ya magadi aliyoyachanganya mwenyewe jana yake, na matone ya kiashiria ambayo kwa watu wengine hugeuka kutoka manjano kuwa mekundu. Kwake yeye yalikuwa rangi moja tu, ya uji uliopoa.

Alifungua koki. Akadondosha, akatikisa, akainua chupa kwenye mwanga. Hakuna kitu. Akaongeza. Akajaribu mara ya pili, ya tatu. Jasho likamtoka mpaka kwenye miwani. Ng’ambo ya ukuta alisikia viti vikisogezwa na vioo vikigongana. Watoto ishirini na wanane wanafanya kwa raha kile ambacho mwalimu wao hakiwezi. Alitamani kulia.

Ndipo akachukua kalamu akapiga hesabu. Chumvi aliipima mwenyewe, nguvu ya asidi anaijua, kitabu hakidanganyi. Jibu likaja mililita ishirini na tano kamili za asidi. Akaliandika, akatia bahasha gundi, akamkabidhi Yusufu bila kumtazama usoni.

Wanafunzi walitoka wakipiga kelele. Marlene akamjia mbio.

“Mwalimu, nimepata ishirini na mbili nukta moja! Nimerudia mara tatu, haibadiliki. Na wenzangu wote ni hapo hapo!”

Hapo Amiri akang’amua. Kopo la chumvi! Lilikaa miezi bila mfuniko wa maana, likanyonya unyevu wa pwani. Mizani ilipima chumvi pamoja na maji yake. Watoto walikuwa sahihi, wote ishirini na wanane, na bahasha ilikuwa inakwenda kuwaangusha wote.

“Na wewe mwalimu umepata ngapi?” Marlene akauliza.

Yusufu alikuwa ameshapanda bodaboda, mfuko wenye bahasha na karatasi za mtihani mapajani. Amiri akaenda akashika usukani wa pikipiki ya watu.

“Ndugu yangu, teremka. Namba yangu si ya kweli. Nimeipiga hesabu, sikuipima.”

“Mwalimu Amiri, unajua unasema nini? Hili nitaliandika.”

“Liandike. Lakini pima wewe kwanza. Maji yaliyobaki yapo mezani.”

Wakarudi maabara, Mwalimu Gladness akaitwa, wanafunzi wakajazana mlangoni na hakuna aliyewafukuza. Yusufu akajaza bureti, akafungua koki taratibu. Matone yakawa yanahesabika. Akafunga.

“Ishirini na mbili nukta moja,” alisema. Kisha, kwa mazoea ya mwalimu kwa mwalimu, akainua chupa usawa wa macho ya Amiri. “Rangi ndiyo hiyo. Umeiona?”

Amiri aliitazama chupa, akawatazama watoto wake mlangoni, na Marlene mbele yao.

“Sioni,” akasema. “Sijawahi kuiona.”