Karatasi Niliyotia mu Kitunga ya Maombi

Mpaka leo kichwa yangu haielewi. Nilifungia kripto zangu, zile feza za ku internet, ili zizae, nikazilinda na kamashini kadogo kama kiberiti. Kakanipa maneno makumi mbili na ine ya Kifaransa. Mwenye kuyajua anabeba zote. Nikayaandika kwa karatasi, nikaificha mu Biblia.

Siku ya Mungu, mu kanisa yetu ya hapa Baraka, nikachomoa mu ile Biblia karatasi ya ombi langu, nikaitia mu kitunga: mama yangu kule kijijini Swima apone. Pasta akafungua karatasi moja, akasoma kwa Kifaransa. Mutafsiri akapaza sauti: «Mbuzi! Ngazi! Chumvi!»

Nikajiuliza, nani huyu anaombea mbuzi? Nikafungua Biblia. Karatasi ya ombi la mama ilikuwa bado ndani; ile ya maneno haikuwamo. Nikapiga kelele.

«Mama Furaha, ni ombi yako? Usilie,» pasta akasema. «Bandugu, turudilie maneno yake wote pamoja, pole pole.»