Mtangazaji wa Kichuguuni

Kilimani kwetu, huku ndani Kisarawe, mtandao unapatikana juu ya kichuguu kimoja tu, na anayekiweza ni jirani yangu. Hupanda pekupeku, kitenge kakikaza kiunoni, mguu wa kushoto mbele, kisha habari za kila mtu huzitangaza kwa sauti ya kufukuzia nyani shambani: “Mwanaamina, mumeo kafika Ruvu salama! Mzee Zahoro, mbegu zako kesho!” Jana simu ilikuwa yake mwenyewe, bintiye alikuwa leba mjini. Tulisubiri chini. “Jirani, sema basi!” Midomo ilicheza, sauti haikutoka. Akainua vidole viwili. Pacha! Tukapiga vigelegele, na watu wa bondeni, wasiojua hata kilichotokea, wakaitikia.