Mayai ya Mwenye Ufunguo

Kwetu Shanwe, hapa Mpanda, kuna sheria ambayo hakuna aliyeitunga. Mvua zikishika tunafunga nyumba na kwenda Mpimbwe, kwenye majaruba yetu ya mpunga mbele kidogo ya Kibaoni, na ufunguo tunamwachia jirani. Jirani anafagia uwanja, analisha kuku, anachungulia kama bati limevuja. Mayai yote yatakayotagwa tukiwa shamba ni yake. Tukirudi hatuulizi mayai. Ukiuliza umemtukana mtu, na mwaka unaofuata utafute jirani mwingine.

Sheria hiyo nimekua nayo, na bado nilinuna kama mtoto siku nilipoombwa niifuate kwenye kompyuta.

Kazi yangu ni kutengeneza kompyuta, hasa zile zilizochoka. Nyingi zinatufikia zikiwa mitumba, na kadi zake za video zimeshasahauliwa hata na waliozitengeneza. Kadi ikikosa draiva, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuelewana na kioo chake, unabaki na kioo cheusi na feni inayopiga kelele. Bahati nzuri duniani kuna watu wanaozionea huruma mashine kuukuu. Wanaandika programu huria, ambazo yeyote anaruhusiwa kuzisoma, kuzirekebisha na kuzigawa bure, na mimi nikajikuta mmoja wao. Niliandika programu ndogo ya kuipa draiva moja ya zamani vipimo sahihi vya kioo. Niliiandika kwa ajili ya mdogo wangu wa kike, anayepiga video za harusi na komunyo kule Sitalike, maana bila hiyo kompyuta yake ilikuwa haionyeshi kitu. Baadaye nikasikia kuna watu wa nchi za mbali wanaitumia. Kichwa kilinivimba, siwezi kuficha.

Kila mmoja wetu alikuwa ameiweka programu yake mahali pake mtandaoni, na yeye peke yake ndiye aliyeweza kuibadilisha. Miaka ikapita. Wengine walichoka, wengine wakapata kazi zenye mshahara, mmoja alinyamaza tu tusijue kama yu mzima. Ndipo bwana mmoja wa Poland, ambaye hatujawahi kuonana, akatuandikia sote kwamba tuzikusanye programu hizi kwenye ghala moja la pamoja, na kila moja iwe na watu zaidi ya mmoja wenye ruhusa ya kuigusa. Barua yake ilikuwa na adabu. Yangu haikuwa nayo. Nilimjibu kwamba programu yangu haiumwi, mwenyewe nipo, na anayeitaka anajua inakokaa.

Mdogo wangu alipokuja Mpanda nikamsomea jibu langu, nikitegemea atanisifu. Alikuwa anamenya karanga, hata hakuinua macho.

"Na masika ukiwa majarubani, dada?"

"Si nitarudi?"

"Ufunguo wa nyumba unamwachia jirani, na kitanda chako kimo humo humo. Huu mwingine umeufunga kwenye pindo la kanga."

"Hao wako Ulaya huko. Fimbo ya mbali haiui nyoka."

"Haya bwana. Nyoka akija tutaona."

Nilikasirika kwa sababu hoja ilikuwa nzuri na haikuwa yangu. Nilikaa na hasira zangu siku kadhaa, kisha nikaandika tena, safari hii kwa salamu, nikasema sawa, nami nahamia.

Sikutegemea kama kuhama kungenipa raha namna ile. Kiangazi chote, umeme ukiwepo, nilikaa mezani nasoma kazi za wenzangu. Tuligundua kwamba watu watatu, kila mmoja kwao, tulikuwa tumeandika kipande kile kile cha kukiuliza kioo vipimo vyake. Tukachagua kilichoandikwa vizuri, tukaviacha viwili, na changu kilikuwa kati ya viwili hivyo. Tulifuta maelezo yaliyopitwa na wakati, tukazipa programu majina yanayofanana, tukaandika namna moja ya kuzisimika zote. Kulikuwa na programu ambayo mwenyewe alikuwa ameitelekeza, na yule bwana wa Poland akaisafisha taratibu, mstari kwa mstari, bila kumsema vibaya mwenzake. Nikaanza kumpenda.

Mahali pamoja tu sikukubali. Kwenye programu yangu kulikuwa na namba ya vipimo vya kioo niliyoipata kwa kubahatisha, nikijaribu moja baada ya nyingine hadi kioo cha mdogo wangu kikatulia. Kwa nini ilifanya kazi sikujua, na nilikuja kujua mwishoni kabisa. Juu yake nilikuwa nimeandika neno moja: USIGUSE. Aliniuliza maana yake, nikamtafsiria. Akaniuliza sababu, nikamwambia ndivyo ilivyo. Akaiacha.

Mvua ziliposhika nikampa jirani ufunguo, nikaenda kupandikiza mpunga. Kule majarubani simu ni tochi tu.

Yaliyotokea nikiwa huko niliyasikia wakati wa kurudi, gari liliposimama Sitalike na mdogo wangu akanishusha kwa nguvu nile kwanza. Alikuwa amepiga video ya harusi moja ya hapo. Baba wa bibi harusi alivunjika mguu wiki ile ile ya harusi, akabaki amelala nyumbani huku bintiye anafungishwa ndoa kanisani. Mdogo wangu akamwahidi mzee ataiona harusi yote akiwa pamoja na binti, kabla binti hajaondoka na mumewe kwenda Tabora. Kazi ikiwa karibu kwisha, akakubali mfumo wa kompyuta ujisasishe. Ilipowaka tena kioo kilikuwa cheusi.

"Nilikupigia mpaka simu ikawa ya moto," aliniambia. "Binti kashafunga mabegi, mzee kila saa anatuma mtu kuniuliza. Nikalia, dada. Halafu nikafuta machozi, nikawaandikia wale wa kwenye ghala lenu, kwa kile Kiingereza changu, na picha ya kioo."

Yule bwana wa Poland ndiye aliyejibu. Alimuuliza hiki na kile, akarudi na programu iliyorekebishwa. Mdogo wangu alifuata maelekezo kwenye simu, akaandika amri gizani, herufi kwa herufi, bila kuona anachoandika. Mara kioo kikajaa picha. Binti aliondoka siku iliyofuata, lakini usiku huo walikuwa wameketi wote kwenye kitanda cha mzee, na mzee alitaka sehemu ya kiapo irudiwe hadi mama watoto akamwambia inatosha.

Nilimwambia nimefurahi, na ilikuwa kweli. Ila iliniuma kidogo pia, kwa sababu mdogo wangu alilia na mimi sikuwepo. Alinitazama akacheka.

"Fimbo ya mbali ulikuwa wewe, dada."

Shanwe nilikuta uwanja umefagiwa hadi kwenye mizizi ya mpapai. Jirani akaja na ufunguo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nyie mpunga umekubali huko?"

"Umekubali mama, tunashukuru."

Kuku walikuwa wazima, wamenenepa. Kwenye viota hapakuwa na yai hata moja. Niliingia ndani.

Nilipofungua ghala nikaenda moja kwa moja kwenye namba yangu. Haikuwepo. Mahali pake palikuwa na mistari michache iliyonyooka: programu sasa inakiuliza kioo vipimo vyake, inasubiri, halafu inauliza tena, kwa kuwa vioo vizee huchelewa kuitika. Ndiyo ilikuwa siri yote. Miaka yote mimi nilikuwa nakijibia kioo ambacho kilihitaji kusubiriwa tu.

Damu ilinipanda hata hivyo. Nilianza kuandika: kwa nini umeiondoa namba yangu, nilisema nini, ungeweza kungoja. Ndipo nikaona kilichoandikwa juu ya mistari ile. Neno langu alikuwa ameliacha pale pale, USIGUSE, na chini yake akaongeza kwa Kiswahili ambacho bila shaka alifundishwa na mdogo wangu: Nimegusa. Samahani.

Nilicheka peke yangu mle chumbani. Nikafuta nilichokuwa nimeandika, nikaanza upya.

Nikamwandikia kwamba nimerudi kutoka shamba, mpunga umekubali, nyumba nimeikuta safi, na mayai siulizi.

Akajibu kuuliza ni mayai gani.

Nikamwambia: yako.