Ufito wa Mgawa Maji

Zefania Mbwambo aliteremka kutoka milimani, upande wa Mamba, mwaka ambao saruji ilianza tena kuonekana katika maduka ya Same bila kibali. Kabla ya hapo mtu aliyetaka mfuko mmoja alikwenda ofisini, akasubiri, na mara nyingi akarudi na maneno tu. Ilipokuja ruksa, malori yakawa yanashusha mabomba, mabati na saruji kando ya barabara kuu, na waliokuwa na akiba ndogo ya kahawa wakaanza kujenga. Zefania alikuwa na akiba ya namna hiyo. Kahawa yenyewe ilikuwa imeshamchosha: malipo yalichelewa, dawa ya mibuni haikupatikana, na vijana wake walikuwa wakubwa, wana wake zao. Akawagawia shamba lote. Akateremka na mkewe Ernesta, vyombo vichache, na ufito wake.

Ufito huo ulikuwa wa mti mgumu, mrefu kumpita yeye mwenyewe, umekatwa alama kwa kisu. Kijijini kwao alikuwa mgawa maji wa ndiva, yaani bwawa dogo la udongo na mawe linalojazwa maji ya kijito usiku na kufunguliwa asubuhi ili yateremke mferejini hadi mashambani. Kila alfajiri alichomeka ufito pembeni mwa ndiva, akasoma maji yamefika alama ipi, kisha akatamka nani afungue na mpaka alama gani. Wapare ni watu wa kubishana, lakini mbele ya ufito hakuna aliyebisha.

Tope lililotuama chini ya ndiva halikuwa kazi yake. Kila mwaka kabla ya mvua pembe ilipigwa, watu wote wakatoka kwa msaragambo, kazi ya pamoja isiyo na ujira, wakalizoa kwa majembe na makarai. Asiyetokea alitozwa mbuzi. Kwa jinsi mgawa maji alivyoona, tope lilikuwa likiondoka lenyewe.

Nyumba aliyojenga Same ilikuwa na vyumba vya kupangisha vilivyotazamana, ua katikati, na choo cha kuchuchumaa cha kumwaga maji kwa kopo. Mimi nilipanga chumba cha mwisho, karibu na choo, kwa hiyo mengi ya haya niliyaona. Nyuma ya choo kulikuwa na karo, tangi la matofali lililopigwa plasta ndani. Uchafu uliingia humo, mzito ukazama, maji yakapita kwenye bomba la upande wa pili na kuingia shimo la mawe yasiyojengewa, ambako ardhi iliyanywa. Fundi alimweleza Zefania hayo mara moja tu, naye akayaelewa mara moja. Yalikuwa mambo ya maji.

Kila Jumamosi alifunua mfuniko mdogo wa karo, akachomeka ufito kidogo, akautoa na kutazama. Maji yalikuwa kwenye alama ileile. Wapangaji walizidi, nyumba ikajaa, alama haikubadilika. Alituambia kwa utulivu kwamba watu mjini wanajenga makaro mabovu yanayojaa, lake halijai. Hakuna aliyemuuliza maji yangewezaje kupanda wakati bomba la kutokea liko palepale. Yangefika hapo, yangepita. Alama ile ilikuwa alama ya bomba, na ingebaki hivyo hata karo lingekuwa limejaa mawe.

Miaka ikapita. Nyumba ikawa ndiyo riziki yake yote, kwa kuwa shamba la mlimani lilikuwa limeshagawanywa na hata katika nyumba yake ya zamani alikuwa akikaa mwanawe mkubwa. Mbele, upande wa barabara, alichimba msingi wa fremu ya duka. Siku hizo kila mwenye ukuta unaotazama barabara alikuwa akijenga fremu. Ernesta angeuza vitenge, na alikuwa ameshachagua rangi ya mlango.

Kiangazi kimoja choo kikaanza kugugumia. Maji yalishuka polepole, yakatoa mapovu, na harufu ikaingia chumbani kwangu hata dirisha likiwa limefungwa. Zefania alichomeka ufito, akasoma, akatuita wote uani. Alisema karo halina tatizo. Tatizo ni watu wanaotupa magunzi ya mahindi chooni. Akapiga marufuku magunzi. Choo kikaendelea kugugumia.

Kiwanja cha chini yake kilikuwa cha Mwanaidi. Baba yake Mwanaidi alitoka Kigoma kuja kukata mkonge, na yeye alizaliwa kambini, akaolewa, akaachwa, akanunua kiwanja hicho kwa pesa za maandazi. Asubuhi watu waendao sokoni walikaa kwenye mabenchi yake kunywa chai. Kiangazi hicho nyasi ziliota kwenye mpaka wa viwanja viwili, mbichi, nene, wakati mji mzima ulikuwa vumbi. Mwanzoni Mwanaidi alifunga mbuzi wake hapo akashukuru Mungu. Baadaye mbuzi akazikataa. Kisha udongo ukawa laini, kisha ukatoa maji, na maji yakawa na harufu.

Alikuja kwa heshima, akamwamkia Zefania shikamoo, akaeleza. Zefania aliitikia marahaba, akachukua ufito, akafunua karo, akamwonyesha alama. Akasema maji yale ni bomba la mtaa lililopasuka, au ni maji ya kuoshea vikombe vya Mwanaidi mwenyewe. Na kama ataendelea kumchafulia jina, watakutana baraza la kata.

"Mzee wangu," Mwanaidi alisema, "nilisikia Mpare huuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Sikujua kama kuna kesi ya mavi."

Ernesta aliyekuwa akipepeta mchele alicheka peke yake. Zefania hakucheka. Kesho yake alikwenda kweli kuuliza taratibu za baraza.

Mwanaidi naye akaenda kwa bwana afya, kijana aliyeitwa Novatus. Ilikuwa miaka ya kuhofia kipindupindu, kwa hiyo Novatus hakuchelewa. Alitazama nyasi, akatazama mabenchi ya chai, akapanda kwa Zefania. Alimwambia mbele ya wapangaji kwamba mvua za masika zikikuta maji yale bado yanatoka, ataifunga nyumba na watu watahama. Sisi tulitazamana. Ernesta aliacha kupepeta.

Zefania hakupandisha sauti. Alimwomba kijana asubiri, akaleta ufito, akafunua mfuniko. Mwanaidi alikuwa amepanda pamoja na Novatus, akasimama kando, kanga puani. Zefania alichomeka, akautoa, akaushika mlalo ili Novatus aone mstari wa unyevu.

"Alama ileile tangu nijenge," alisema. "Nimegawa maji tangu wewe hujazaliwa."

Novatus aliinama akaitazama alama ile. Aliyejibu alikuwa Mwanaidi.

"Na chini kuna nini?"

"Chini kuna chini."

"Mzee, mimi napika uji kila asubuhi. Sufuria nikiitazama juu tu, uji unaonekana mzuri mpaka unanuka moto. Shusha mwiko."

Zefania aliushika ufito kwa mikono miwili, akaushusha. Karo lilikuwa refu kama ndiva ya kwao, yeye ndiye aliyesimamia kulichimba, na alijua ufito unapaswa kuzama hadi karibu ya mkono. Ulizama kidogo tu, ukakwama. Akausukuma. Haukwenda. Alipoachia mikono, ufito ukabaki umesimama wenyewe katikati ya karo, wima, kama mti ulioota hapo.

Mwanaidi, ambaye angeweza kusema mengi, aligeuka akarudi kwenye chai yake. Suala la baraza halikutajwa tena.

Gari la kunyonya uchafu halikuwepo Same, na kuliita kutoka Moshi kulimshinda. Alipatikana Isihaka, mtu wa maneno mengi aliyewahi kuwa kwenye mashamba ya mkonge na ambaye alipakua vyoo kwa ndoo na kamba. Zefania alikuwa na wazo lake: walikoroge tope, wamwage madumu ya maji, lipite lote kwenye bomba kwa kasi kama ndiva inavyofunguliwa. Isihaka alimjibu kwamba tope lake limeshaanza kupita zamani, na ndiyo maana shimo la mawe halinywi tena: limezibwa koo. Akikoroga atamalizia tu kulizika. Alibomoa mfuniko mkubwa, akaliacha karo wazi litoke hewa mbaya, akakataza sigara na akakataza mtu yeyote kushuka ndani. Alitaja wanaume aliowajua walioshuka kwenye mashimo ya aina hiyo wasipande, na pale hakutania. Tope likapandishwa kwa ndoo, likafukiwa kwenye handaki mbali na nyumba, kwa majivu. Ilikuwa kazi ya kutisha kunusa. Mabenchi ya Mwanaidi yalikaa matupu muda wote huo, na Ernesta alikuwa akimpelekea jirani huyo chakula bila kuambiwa na mtu.

Karo likawa safi, lakini shimo la mawe lilikuwa limekufa. Lilitakiwa jingine. Zefania alifanya kazi aliyoijua kweli: alichimba vijishimo pande zote za kiwanja, akavijaza maji, akakaa kwenye kigoda akiangalia. Nyuma maji yalisimama. Kando ya mpaka yalisimama. Mbele, ndani ya msingi wa fremu, yalishuka huku unayatazama. Huko ardhi ilikuwa na changarawe.

Alikijaza tena kijishimo hicho, kikanywa tena. Ernesta alitoka, akatazama kijishimo kikiwa kitupu, akatazama msingi.

"Chimba," alisema, akarudi ndani.

Mawe ya msingi ndiyo yaliyojengea shimo jipya. Hakuna fremu iliyojengwa pale, kwa kuwa juu ya shimo la kunywea maji hapajengwi. Majirani wote wa barabara hiyo baadaye walikuwa na maduka. Kwa Zefania palikuwa na uwazi wenye majani mafupi, na watu walidhani anasubiri bei ya kiwanja ipande.

Masika yalikuja kwa nguvu mwaka huo. Baada ya mvua ya kwanza kubwa Novatus alifika, akauzunguka mpaka taratibu, akaukanyaga udongo kwa kisigino. Ulikuwa umelowa kama udongo mwingine wowote. Akaketi kwenye benchi la Mwanaidi, akanywa chai na maandazi, akaondoka bila kupanda juu. Tulielewa kwamba tunabaki.

Tangu hapo, kila mwaka kabla ya mvua, Zefania aligonga rimu ya gari aliyoitundika uani. Wapangaji wote walitakiwa kutoka. Mfuniko mpya ulikuwa na vishikio viwili vya nondo, wala haukupigwa saruji. Alifunga kitambaa cheupe sehemu ya chini ya ufito, akaushusha polepole mpaka sakafuni, akautoa, na kila mmoja akaona tope limechafua kitambaa hadi wapi. Likifika theluthi ya karo, Isihaka aliitwa na kila chumba kilitoa mtu wa kubeba majivu. Asiyetokea alileta dumu la maji. Wapangaji wageni walinung'unika. Mwanaidi, akisikia rimu, alipaza sauti kutoka chini kwamba waumini wa karo wanaitwa ibadani.

Mwanawe mkubwa aliteremka mara moja kutoka mlimani. Kijiji kilikuwa kimemtuma: mgawa maji mpya wa ndiva alitaka ufito wa zamani, kwa kuwa alama zake ndizo watu walizoziamini. Zefania alimpeleka nyuma ya choo, akamwonyesha ulipokuwa umeegeshwa ukutani, kitambaa kikiwa bado kimefungwa chini. Kijana hakuugusa.

"Mwambie achonge mwingine," Zefania alisema. "Na aushushe mpaka chini. Huu umepata kazi mjini."